Kutabiri Dimenshia Mapema kwa Picha za Ubongo na Mashine Inayojifunza: Mwongozo Kamili

Mtu anaposahau njia ya kurudi kwake kwa mara ya kwanza, ugonjwa wa Alzheimer huwa umeshapiga kambi kichwani mwake kwa miaka mingi. Protini iitwayo amiloidi huanza kujilimbikiza kwenye ubongo miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili. Baadaye protini nyingine, tau, huvuruga seli kwa ndani, seli zinakufa, ubongo unasinyaa, na ndipo ndugu wanaanza kuulizana kulikoni. Katika kipindi hicho kirefu cha ukimya mtu anafanya kazi, analea wajukuu, anahesabu pesa zake bila kukosea, na huku picha ya ubongo wake inaweza kuwa tayari ina la kusema.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kulisikia hilo: mwanafunzi wa sayansi ya data, mhandisi, daktari au mtafiti anayejua Python kiasi na ana kompyuta ya kawaida. Tutajenga modeli, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, inayosoma picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) na kukadiria nani, miongoni mwa watu ambao kumbukumbu imeanza kudhoofika, atafikia dimenshia ndani ya miaka 3. Nitakaa sana kwenye hatua zinazowaangusha wengi, na nitapita haraka zile ambazo programu inazifanya yenyewe. Kinachowaangusha wengi mara chache ni hesabu. Ni swali lililoulizwa vibaya, na mtihani uliovuja, hadi modeli inapata asilimia 98 na kumbe haijui kitu.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta ndani ya ubongo

Dimenshia ni jina la hali, siyo la ugonjwa mmoja: uwezo wa akili umepungua kiasi kwamba mtu hawezi tena kuendesha maisha yake ya kila siku bila msaada. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na kwamba Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa. Vilivyobaki hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, na miili ya Lewy (vibonge vya protini ndani ya seli za ubongo), na kunyauka kwa sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, na mara nyingi mtu mmoja ana zaidi ya chanzo kimoja. Modeli iliyofunzwa kwa wagonjwa wa Alzheimer pekee haijawahi kuyaona hayo mengine, lakini ukiipa picha ya mgonjwa wa namna hiyo haitanyamaza. Itakupa jibu.

Mwaka 1991 watafiti wa ubongo Heiko Braak na Eva Braak walieleza mpangilio ambao tau hufuata inapoenea. Huanzia eneo dogo la gamba la ubongo liitwalo entorino, upande wa ndani wa sehemu ya pembeni, kisha huingia kwenye hipokampasi ambayo ndiyo mlango wa kumbukumbu mpya, kisha husambaa kwenye gamba lote. Ndiyo maana kila anayeshughulika na jambo hili huanza kwa kutazama hipokampasi.

Nakuomba uifanye kazi hiyo kwa macho yako kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo. Fungua picha ya MRI ya aina ya T1 (inayoonyesha umbo la ubongo) ya mzee mwenye afya, uichague ile tazamo ambayo ni kama mnatazamana uso kwa uso. Teremka hadi chini, kulia na kushoto. Utaona kitu kidogo cha kijivu kilichojikunja kama jani changa ambalo bado halijafunguka. Hiyo ndiyo hipokampasi. Kila upande ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 3 hadi 4. Kando yake kuna ufa mwembamba mweusi, ambao ni sehemu ya vyumba vya maji ya ubongo. Sasa fungua picha ya mtu mwenye Alzheimer. Jani limenywea, na ule ufa umekuwa dimbwi. Madaktari wa picha huupima mnyweo huu kwa macho kwa kutumia kipimo cha Scheltens cha mwaka 1992, chenye alama 0 hadi 4. Chukua picha 20, zipe alama mwenyewe, kisha linganisha na utambuzi wa madaktari. Utakosea baadhi, na makosa hayo yatakufundisha kitu ambacho jedwali la namba halitakufundisha: wapo wazee wenye hipokampasi ndogo na akili timamu, na wapo wagonjwa ambao hipokampasi yao bado inaonekana nzima.

Mwendo wa kusinyaa una habari kuliko ukubwa wenyewe. Kwa mwenye Alzheimer, hipokampasi hupungua kwa takriban asilimia 4.7 kwa mwaka. Kwa mzee mwenye afya ni kama asilimia 1.4. Kumbuka tofauti hiyo, tutairudia.

Ipo pia picha ya PET, ambayo mtu huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Aina ya FDG huonyesha ubongo unavyotumia sukari, nyingine hunata kwenye amiloidi, nyingine kwenye tau. PET ya amiloidi huona mapema zaidi kuliko MRI, kwa sababu MRI inaona ubongo ukishaanza kupotea. Lakini PET ni ghali na mashine zake ni chache, kwa hiyo hapa tunafanya kazi na MRI.

Hatua ya 2: Andika swali moja, kwa sentensi moja

Kazi nyingi mtandaoni zinazojiita za kutabiri dimenshia hazitabiri chochote. Zinachukua wagonjwa waliokwisha kutambuliwa, zinawachanganya na wazee wenye afya, na kuiambia modeli iwatenganishe. Hilo daktari hulifanya kwa mazungumzo ya dakika chache na karatasi ya maswali. Kutabiri ni kutazama picha ya leo na kusema jambo ambalo leo halijulikani.

Watu wanaofaa kwa swali hilo ni wale walio katikati. Kumbukumbu yao imepungua kuliko umri unavyoruhusu, vipimo vinathibitisha, lakini bado wanajimudu. Wataalamu huiita hali hiyo MCI. Kwa wanaofika kliniki za kumbukumbu, takriban asilimia 10 hadi 15 huingia kwenye dimenshia kila mwaka. Wengine hubaki pale pale miaka na miaka, na wapo wanaorudi katika hali ya kawaida. Mtu aliye hapo anataka kujua yuko kundi gani, na familia yake pia.

Kwa hiyo andika: "Kwa mtu mwenye MCI leo, je, atatambuliwa kuwa na dimenshia ndani ya miezi 36, kwa kutumia picha ya T1 ya leo pamoja na umri, jinsia na elimu yake?" Sentensi hiyo ibandike ukutani. Kila safu ya data utakayotaka kuongeza, iulize: je, siku ile picha inapigwa, habari hii ilikuwa inajulikana?

Kuna shimo moja hapa. Mtu aliyefuatiliwa miezi 12 kisha akaacha kuja hujui aliishia wapi. Ukimweka kwenye kundi la "hakupata dimenshia" umeidanganya modeli. Ama umwondoe, ukieleza umeondoa wangapi, ama utumie mbinu za uchambuzi wa muda hadi tukio, kama ile ya Cox, ambazo zimeundwa kumheshimu mtu wa namna hiyo: zinasema tu kwamba hadi mwezi wa 12 alikuwa salama.

Hatua ya 3: Pata data halali

Hazina mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni ADNI, mradi wa Marekani na Kanada ulioanza mwaka 2004, unaowafuatilia wazee kwa miaka mingi kwa MRI, PET, damu na vipimo vya akili. Unaomba ruhusa mtandaoni, unaeleza utafiti wako, unakubali masharti. Usichukue nakala ya ADNI iliyowekwa ovyo kwenye tovuti ya kushirikiana faili: mara nyingi ni vipande vya picha vilivyokatwa bila namba ya mtu, na hatua ya 6 itakuonyesha kwa nini hiyo ni sumu.

Ya pili ni OASIS, kutoka Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis. OASIS-2 ni ndogo na nzuri ya kujifunzia: watu 150 wa miaka 60 hadi 96, picha za vipindi 373. Fungua jedwali lake na ulisome polepole. Watu 72 walibaki bila dimenshia muda wote, 64 walikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na 14 tu ndio walioanza wakiwa wazima kisha wakaipata. Kumi na wanne. Hao ndio watu pekee kwenye jedwali zima wanaoweza kukufundisha kuhusu kutabiri. Ukitaka watu wa kutosha utahitaji ADNI au OASIS-3, toleo kubwa zaidi la hazina hiyo, na hata huko utakuwa na mamia, siyo maelfu kwa maelfu.

Jambo jingine: washiriki wa ADNI wengi wao ni Wazungu wenye elimu ya juu. Elimu huufanya ubongo uvumilie uharibifu kwa muda mrefu bila dalili, kwa hiyo kiwango cha kusinyaa ambacho kwa msomi huyo hakijaleta shida kinaweza kuwa kimemlemea mwingine. Liandike hili mwanzoni kwenye daftari lako.

Na linda sura za watu. Picha ya MRI ya kichwa ina uso ndani yake. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic waliunda nyuso kutoka kwenye MRI za watu 84 waliojitolea, na programu ya kutambua sura ikawatambua kwa usahihi 70 kati yao. Ukikusanya picha zako mwenyewe, futa uso kabla faili haijatoka kwenye kompyuta ya hospitali.

Hatua ya 4: Safisha picha, na uzitazame

Picha hutoka kwenye mashine katika mfumo wa DICOM, mamia ya vifaili kwa mtu mmoja. Programu ya dcm2niix huvigeuza kuwa faili moja ya NIfTI. Panga folda zako kwa utaratibu wa BIDS, ambao kila programu ya ubongo inauelewa. Utajishukuru baada ya miezi 6.

Kisha mambo matatu hufuatana. Mwanga usio sawa unasawazishwa, kwa kuwa mashine huacha upande mmoja wa picha uking'aa kuliko mwingine. N4 ndiyo zana ya kazi hiyo. Fuvu na ngozi vinavuliwa ubaki ubongo mtupu, kwa mfano kwa HD-BET. Halafu ubongo unalinganishwa na kiolezo cha pamoja, MNI152, ili sehemu moja ikae mahali pamoja kwa kila mtu. Ukitumia FreeSurfer, inafanya haya yote na kukupa ujazo wa kila sehemu pamoja na unene wa gamba, ila itachukua saa kadhaa kwa picha moja. FastSurfer hugawa sehemu hizo kwa dakika chache ukiwa na kadi ya michoro.

Programu zikimaliza bila kulalamika, usidhani zimefaulu. Tengeneza ukurasa mmoja wenye kipande kimoja cha kila ubongo na mistari ya mipaka juu yake, uupitie wote. Utakuta ubongo uliokatwa nusu, ubongo uliobakiwa na kipande cha jicho, picha yenye mawimbi kwa sababu mtu alitikisa kichwa. Hili la kutikisika ni zito kuliko linavyoonekana: mtu mwenye dimenshia hushindwa kutulia kwenye mashine, na mtikisiko hufanya gamba lipimwe jembamba kuliko lilivyo. Modeli inaweza kujifunza mtikisiko na kuuita ugonjwa.

Hatua ya 5: Badilisha picha kuwa vipimo vichache vyenye maana

Picha ya vokseli (vipunje vya picha ya pande tatu) 256 kwa 256 kwa 256 ina namba zaidi ya milioni 16. Wewe una watu mamia. Modeli ikipewa namba zote hizo itakariri kila mtu kwa alama zake ndogo ndogo, kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani iliyopita bila kuelewa somo. Kwa hiyo anza na vipimo 10 hadi 20: ujazo wa hipokampasi na amigdala, unene wa gamba la entorino na la maeneo ya pembeni, ukubwa wa vyumba vya maji, na kama una picha ya FLAIR, aina nyingine ya MRI, kiasi cha madoa kwenye maada nyeupe, ambayo husimulia habari ya mishipa ya damu.

Sasa angalia watu wawili. Kila mmoja ana hipokampasi mbili zenye jumla ya sentimita za ujazo 7.0. Wa kwanza ana ujazo wa ndani ya fuvu wa sentimita za ujazo 1,700. Wa pili 1,300. Kwa wa kwanza hipokampasi ni asilimia 0.41 ya nafasi yote. Kwa wa pili ni 0.54. Namba ile ile ya 7.0, hali mbili tofauti. Usipogawanya kwa ukubwa wa fuvu, modeli yako itakuwa imejifunza kutofautisha vichwa vikubwa na vidogo, yaani kwa kiasi kikubwa wanaume na wanawake.

Umri nao unasinyaza ubongo. Njia ninayoipenda ni kuchukua wazee wenye afya peke yao, kukadiria hipokampasi inavyopungua kwa kila mwaka wa umri, kisha kumpima kila mtu kwa umbali wake kutoka kwenye mstari huo. Namba hiyo inaeleweka hata kwa daktari asiyejua msimbo: "hipokampasi ya mama huyu ni ndogo kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake." Na kama una picha mbili za mtu mmoja kwa kupishana mwaka, ongeza kasi ya kupungua. Ile tofauti ya 4.7 na 1.4 hapo ndipo inapofanya kazi, mradi picha zote mbili zimetoka kwenye mashine ile ile.

Hatua ya 6: Gawa watu, usigawe picha

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa uisome mara mbili.

Rudi kwenye OASIS-2: watu 150, picha za vipindi 373. Ukizichanganya zote na kutenga asilimia 20 kwa bahati nasibu ziwe za mtihani, karibu kila mtu aliye kwenye mtihani atakuwa pia ana picha nyingine kwenye mafunzo. Ubongo wa mtu ni kama alama ya kidole: mikunjo yake haifanani na ya mwingine. Modeli itamtambua mtu, itakumbuka jibu lake, na itapata alama za juu bila kujifunza chochote kuhusu ugonjwa. Hali ni mbaya zaidi ukikata kila ubongo vipande bapa 100 na kuvichanganya, kwa sababu kipande cha 50 na cha 51 vya mtu mmoja ni karibu pacha. Mtihani umevuja kabla haujafanywa.

Hili si la wanaoanza tu. Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Junhao Wen walipitia tafiti zilizochapishwa za mitandao ya nyuroni (modeli za tabaka nyingi zinazosoma picha moja kwa moja) kwa ajili ya Alzheimer na kukuta kwamba zaidi ya nusu huenda zilikuwa na data iliyovuja. Nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia sentensi hiyo nikidhani nimeielewa vibaya.

Dawa ni rahisi. Gawa kwa namba ya mtu. Katika scikit-learn, maktaba ya Python ya mashine inayojifunza, tumia GroupKFold, au StratifiedGroupKFold ikiwa makundi hayalingani, na uipe safu ya namba za watu. Kisha thibitisha kwa mstari mmoja wa msimbo kwamba hakuna namba iliyopo pande zote mbili.

Lakini uvujaji una milango mingine, na kila mmoja umeshawapitisha watu makini:

Kusawazisha vipimo, kujaza vilivyokosekana au kuchagua vipimo bora kwa kutumia data yote kabla ya kugawa. Kila kitu kinachojifunza kutoka kwenye data kijifunze kwenye fungu la mafunzo pekee, kisha kitumike kwenye mtihani. Kwenye OASIS-2 safu ya hali ya kiuchumi ina mapengo 19. Wastani wa kuyajazia utoke kwa watu wa mafunzo tu. Hata ule mstari wa umri wa hatua ya 5 unahusika.

Jibu lililojificha ndani ya swali. Jedwali hilo hilo lina safu ya CDR, alama ambayo daktari hutoa baada ya kumhoji mgonjwa na ndugu yake. Kundi la mtu limewekwa kwa kutumia alama hiyo hiyo. Ukiiacha safu ya CDR kwenye vipimo utapata matokeo ya ajabu, na yatakuwa hayana maana.

Na mashine. Awamu ya kwanza ya ADNI ilitumia zaidi mashine za Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), zilizofuata zikatumia za Tesla 3. Kama wagonjwa wako wametoka kwenye mashine moja na wazima kwenye nyingine, modeli itatofautisha mashine. Chora jedwali la mashine na makundi kabla ya lolote. Mbinu ya ComBat hupunguza tofauti za mashine, lakini nayo ikadiriwe kwenye fungu la mafunzo.

Hatua ya 7: Anza na modeli nyepesi

Modeli ya kwanza isiwe na picha kabisa. Iwe na umri, jinsia, elimu na alama ya kipimo cha kumbukumbu cha siku ile. Hiyo ndiyo nguzo. Picha ikishindwa kuongeza kitu juu yake, basi hakuna haja ya kumlaza mzee ndani ya mashine yenye kelele kwa ajili ya modeli yako.

Ya pili iwe rigresheni ya lojistiki yenye adhabu (hukipa kila kipimo uzito na kutoa uwezekano, na adhabu huzuia uzito usizidi), juu ya vile vipimo 10 hadi 20. Inafunzwa kwa sekunde, na uzito wa kila kipimo unauona kwa macho. Ya tatu inaweza kuwa SVM (mbinu inayotafuta mpaka bora wa kutenganisha makundi mawili) au msitu wa miti ya maamuzi. Mtandao wa nyuroni wa kusoma picha nzima uache wa mwisho. Utafiti wa Wen niliotaja, baada ya kuziba mianya, ulikuta mitandao hiyo haikuishinda SVM. Kuwatenganisha wagonjwa na wazima kwa T1 pekee kulifikia usahihi wa takriban asilimia 85 au zaidi kidogo. Kutabiri nani kati ya wenye MCI ataingia kwenye dimenshia kulikuwa karibu na asilimia 75. Ukipata 75 kwa mtihani safi, umefanya kazi nzuri. Ukipata 96, rudi hatua ya 6.

Shindano la TADPOLE, lililoanza mwaka 2017, linatoa somo lilelile kutoka upande mwingine. Timu 33 zilitabiri hali za baadaye za washiriki wa ADNI, wakati majibu yenyewe yalikuwa bado hayajatokea duniani, kwa hiyo mtihani usingeweza kuvuja. Utambuzi wa daktari na ukubwa wa vyumba vya maji vilitabirika vizuri. Alama za kipimo cha akili cha ADAS-Cog13 hazikutabirika: hakuna timu iliyoushinda ubashiri wa kubahatisha kwa namna ya kutegemewa. Mtu hufanya mtihani wa kumbukumbu vizuri leo na vibaya kesho kwa sababu hakulala.

Hatua ya 8: Pima kama mtu atakayepokea majibu

Usahihi wa jumla ni namba ya kupotosha watu. Kama katika 100 ni 15 tu watakaoingia kwenye dimenshia, modeli inayosema "hapana" kwa kila mtu ina usahihi wa asilimia 85. Toa unyeti, yaani kati ya watakaougua umewapata wangapi, na umahususi, yaani kati ya wasiougua umewaacha salama wangapi, pamoja na eneo chini ya mkunjo wa ROC, unaoonyesha hivyo viwili vinavyopishana ukisogeza kiwango cha kukatia.

Kisha fanya hesabu hii kwa kalamu. Modeli ina unyeti wa asilimia 90 na umahususi wa asilimia 90. Unaipeleka kwa wazee 1,000 wa kawaida, na 50 kati yao ndio watakaougua. Itawapata 45 na kuwakosa 5. Kati ya 950 waliobaki, itawatia hofu 95 bure. Jumla ya walioambiwa "uko hatarini" ni 140, na wanaougua kweli kati yao ni 45, yaani asilimia 32. Watu wawili kati ya kila watatu watakwenda nyumbani na hofu isiyo yao. Modeli ile ile, ikitumika kliniki ambako nusu ya watu wataugua, itakuwa sahihi kwa 9 kati ya 10 inaowataja. Ndiyo maana nasisitiza swali liwahusu wenye MCI, siyo kila mzee anayepita.

Weka na ukingo wa mashaka kwenye kila namba. Ukiwapata 11 kati ya wale 14 wa OASIS-2, hiyo ni asilimia 79, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 52 na 92. Angalia pia kama namba za modeli zinasema kweli: watu wote walioambiwa uwezekano wa asilimia 30, je, kama 30 katika 100 waliugua? Na mwisho, ifunge modeli, usiiguse tena, uijaribu kwenye hazina nyingine kabisa. Ya ADNI ipeleke OASIS-3. Alama zitashuka. Kiasi zilichoshuka kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Hatua ya 9: Iulize imeona nini

Kwa rigresheni, tazama uzito. Kwa mtandao wa nyuroni, chora ramani ya maeneo yaliyobeba uamuzi. Ikiwaka kwenye hipokampasi na sehemu za pembeni, vizuri. Ikiwaka kwenye ukingo wa fuvu au pembeni mwa picha, kuna hitilafu. Lakini ramani nzuri haithibitishi kwamba modeli ni nzuri. Ubongo wa kila mzee umebadilika mahali hapo kwa kiasi fulani. Itumie kukamata makosa tu.

Hatua ya 10: Kabla haijamgusa mtu

Modeli ya mwongozo huu ni ya utafiti. Kuipeleka kliniki kunahitaji kibali cha maadili, idhini ya mamlaka ya vifaa tiba, na daktari anayebeba uamuzi.

Daktari huyo kwanza ataondoa vinavyofanana na dimenshia na vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, sonona, dawa za usingizi na za mzio, damu iliyovuja chini ya fuvu baada ya kuanguka, maji kujaa kwenye ubongo. Hayo mawili ya mwisho yanaonekana kwenye MRI hiyo hiyo, na modeli inayopima hipokampasi haitayaona. Kwa hiyo kila picha isomwe na mtaalamu wa radiolojia, hata kama uliipiga kwa ajili ya modeli.

Jua pia kwamba MRI haiko peke yake. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kinacholinganisha tau ya aina ya p-tau217 na amiloidi. Damu inaeleza kama protini ipo; MRI inaeleza ubongo umepoteza kiasi gani na wapi. Ukiweza kuvipata vyote, viweke kwenye modeli moja.

Kujua mapema kunasaidia nini? Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa walio mwanzoni tu, na haiwarudishi walikotoka. Inaweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu kwenye ubongo, kwa hiyo MRI hurudiwa wakati wa matibabu. Kwa walio wengi duniani faida iko kwingine: kutibu shinikizo la damu na kisukari, kuwekewa kifaa cha kusikia kama masikio yamepungua, kuacha sigara, na kupanga mambo ya mali na malezi wakati mtu bado anaweza kuamua mwenyewe.

Kabla ya kupiga picha, muulize anataka kujua nini. Wapo wanaotaka kila namba, na wapo wanaosema hawataki, na hiyo ni haki yao. Wakati wa kutoa majibu awepo ndugu mmoja aliyemchagua yeye. Usimwambie "modeli imesema utapata dimenshia." Sema: "Kati ya watu 100 wenye picha na umri kama wako, takriban 40 walifikia dimenshia ndani ya miaka 3, na 60 hawakufikia." Mwonyeshe hipokampasi yake kwenye kioo cha kompyuta, kama akitaka. Panga tarehe ya kurudi baada ya miezi 12, kwenye mashine ile ile na kwa mipangilio ile ile, na uitunze picha ya leo vizuri, kwa sababu ndiyo utakayoilinganisha na ile ijayo.